Metodi ya Mkwe na Mama

Mama yangu alimjua mchumba wangu kwa mgongo. Anatoka sokoni Kashikishi na beseni la chisense, dagaa wa ziwani kwetu, kichwani, anamwona kijana mrefu wa shati la bluu anakuja mbele yake, anaanza kutengeneza tabasamu la ukwe, na kabla tabasamu halijakaa sawa kijana ameshachepuka, amezama nyuma ya vichanja vya samaki. Siku nyingine ni karibu na bandari, hivyo hivyo. Siku nyingine aliruka mtaro na viatu vyake vya kazi, mkoba unapepea nyuma, na muuza sabuni mmoja akampigia makofi. Mama alifika nyumbani, akatua beseni, akaniuliza taratibu kabisa kama nina hakika huyo mwanaume ana uso.

"Huyu mutu iko na mugongo tu," alisema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wakati ule nilikuwa nacheka kila kitu. Ungeniambia ziwa limekauka ningecheka kwanza, halafu ndiyo niulize samaki wameenda wapi. Nilikuwa nimependa vitu viwili kwa mpigo na sikujua kipi kinaninyima usingizi: mwalimu huyo mchumba wangu, au lugha yake ya mashine, ile yenye mabano mengi kuliko maneno.

Nina kibanda hapa Nchelenge, Zambia, ukishuka kuelekea ziwani. Napiga chapa, natoa fotokopi, nachaji simu za watu. Juu ya bati nina paneli ya jua, na kwa sababu ya paneli hiyo, umeme ukikatika, kila mwenye kazi ya haraka anakuja kwangu. Ratiba za mazishi, maombi ya kazi, matangazo ya kanisa, yote yanapita mikononi mwangu. Mwalimu naye aliletwa na giza. Shuleni kwao umeme haukuwepo na mtihani wa hesabu ulikuwa haujachapwa. Akachapa, akalipa, halafu badala ya kwenda zake akaomba kukaa kidogo achaji laptop. Akaifungua. Nikachungulia, maana kuchungulia ni nusu ya kazi yangu, nikaona mstari unaoishia kwa mabano sita saba yaliyofungana. Nikamwambia pole sana, kibodi yako imeshika.

Haikuwa imeshika. Aliinua uso kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake, akaanza kunieleza. Ile ilikuwa lahaja moja ya Lisp, lugha ya kuandikia programu aliyokutana nayo alipokuwa anasoma Kitwe, na hapa wilayani hakuwa na mtu wa kuongea naye habari zake. Wenzake shuleni walikuwa wameshamkataza. Aliipenda, alisema, kwa sababu unaweza kuibadilisha programu huku inatembea, bila kuizima, na mabano yale yote yana sababu yake. Nilimwambia kesho arudi anionyeshe hiyo sababu. Ya kusema kweli sababu sikuihitaji. Nilitaka arudi.

Alirudi. Na kumbe ile kitu ilikuwa tamu. Alinifundisha kwanza kutengeneza aina: unaiambia mashine kuna aina inaitwa mtu, chini yake kuna mama, kuna mtoto, kuna mgeni, na wa chini anarithi mambo ya wa juu. Halafu akanionyesha neno defmethod, la kuandikia metodi, yaani namna ya kufanya tendo fulani. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwa raha. Katika lugha nyingi za programu, alisema, tendo ni mali ya kitu kimoja: boti ina kuelea kwake, mbwa ana kubweka kwake. Katika lahaja yake tendo halikai ndani ya mtu yeyote. Linasimama pale katikati, na wewe unaliandikia metodi kufuatana na nani anakutana na nani.

Nikamuuliza, kama salamu?

Akaacha kuandika. Nikaendelea, maana mimi nikianza sina breki. Nikamwambia salamu si yangu wala si yako, iko kati yetu. Mimi huyu huyu, asubuhi moja, nikikutana na mzee wa Kibemba nakunja magoti, napiga makofi taratibu, nasema mwashibukeni mukwai. Hatua kidogo mbele nikikutana na shoga wa mama yangu kutoka Lubumbashi, tunagonganisha mapaji, upande huu, upande ule, tena upande huu, na mabusu ya hewani juu yake. Mzee yule ukimpelekea paji la uso ataita watu. Shoga wa mama ukimpigia magoti atadhani umefiwa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema basi tuandike hiyo, tuiite salimia.

Metodi yangu ya kwanza maishani ilikuwa ya mtoto na mama. Sikufikiri hata kidogo, niliandika kile ambacho mama amenijibu kila ninapoingia nyumbani tangu nikiwa mdogo, haijalishi natoka shule, kisimani au msibani. Nikabonyeza. Mashine ikaandika: Mutoto wangu, kuya kula. Njoo ule, kwa Kiswahili cha mama. Nilipiga kelele hivi kwamba dada mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi alidondosha karatasi zake zote, na nikamtolea nakala za bure kwa aibu.

Kuanzia hapo nikawa kichaa. Kila kilichopita mbele ya kibanda nilikiwekea aina. Mbuzi na muuza mahindi, metodi. Pikipiki na dimbwi, metodi. Mwalimu alikuwa anapita jioni baada ya vipindi, programu yetu ikikaa kwenye kompyuta yangu, na tukagawana kazi: yeye aandike salamu za kwao, mimi za kwetu. Siku moja tulibishana mkwe akae chini ya nani. Mimi nilitaka awe chini ya mtoto, basi, mambo yaishe. Yeye akasema hapana, kwao mkwe ni mgeni kwanza, mgeni wa kuheshimu sana na kuogopa sana. Anatoka kisiwani Kilwa, kile cha upande wetu wa Zambia, kisichofikika ila kwa mtumbwi au boti, na alilelewa huko na bibi yake. Aliposema neno mkwe aliniangalia, mimi nikaangalia kibodi, na ningekubali mkwe awekwe hata chini ya mbuzi. Tukamweka chini ya mgeni.

Haikupita muda mrefu mjomba wake akaja kwetu kama mshenga. Alivaa kofia nzuri, akaketi, akazunguka kote kote kama inavyotakiwa, akaacha sahani mbili zilizofunikana, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kwa hapa, sahani hizo zikifunguliwa umekubali. Zikirudishwa na kitambaa chake kama zilivyokuja, hakuna ndoa. Mama hakuzifungua. Aliziweka juu ya kabati, akasema atamwangalia kwanza kijana mwenyewe.

Na kijana mwenyewe ndipo alipoanza kukimbia.

Lazima mumjue mama yangu kidogo. Ni mutoto wa Lubumbashi, mtu wa mjini, aliyefunga ndoa kanisani kwa gauni refu na viatu vya kisigino, na anayesema mambo mengi ya kijijini ni ya bakubwa ba zamani. Vita ilimtoa huko, akapitia Pweto, akavuka mpaka na mimi mgongoni na baba anabeba sufuria. Baba amekwisha kufariki. Tumebaki wawili, yeye na vitenge vyake na samaki wake, mimi na fotokopi zangu. Kwa mama, mtu anayekupenda anakuja usoni kwako. Anakugusa paji lake, unasikia joto lake, unajua kama ni mgonjwa, kama amekunywa, kama anadanganya. Sasa huyu anayetaka kumchukua mtoto wake mmoja hataki hata aonekane.

Mwanzoni alifanya mzaha. Halafu akaanza kutafuta sababu, na mama akitafuta sababu huwa anazipata. Labda ana mke mwingine Chienge. Labda kuna mtu sokoni anamdai. Labda, alisema siku moja huku anachambua samaki, labda hakupenda kuona mama mkwe ananuka samaki, na hapo sauti yake ilibadilika kidogo, nami niliacha kucheka. Nikamwambia mwalimu ana haya tu. Niliamini hivyo kabisa. Nilikuwa nimekulia Nchelenge, najua Wabemba wanaheshimu wakwe, lakini vijana ninaowajua mimi wanakaa na mama wakwe zao wanaangalia simu pamoja. Mwalimu mwenyewe nilipomtajia mama alikuwa anatabasamu tu na kuuliza kama ameridhika. Nami nikijua mtu mwenye haya hapendi kusukumwa, nilijibu ndiyo, ameridhika sana.

Halafu ikaja habari ya bakuli. Mama alijishusha, akapika sombe, kile kisamvu cha kwao, na samaki mkubwa, akaweka mawese mengi kama anavyofanya Krismasi, akafunika, akanituma nimpelekee mwalimu kibandani. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti chini kwenye vumbi la kibanda changu, akashukuru muda mrefu. Hakufunua. Alinirudishia bakuli na kifuniko chake, akasema nimwambie mama ahsante sana. Nilidhani atakula shuleni, nilidhani tumbo linamsumbua, sijui nilidhani nini. Nilirudi na bakuli zito, na mama alilinyanyua, akalipima mkononi, akakaa chini.

"Minapika chakula, anarudisha na kifuniko yake," alisema. "Anazani miye ni mulozi?"

Neno hilo la uchawi kwetu si la mchezo. Mama, mwanamke wa kuja, mjane, anayefanya biashara inayokwenda vizuri, amekwisha kulisikia nyuma ya mgongo wake mara kadhaa, na hakuwahi kulisema kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema Jumapili mshenga anakuja kuchukua jibu. Kama mpaka Jumapili huyo mwalimu hajaja kusimama mbele yake, sahani zitarudi na kitambaa chake. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nililala vibaya. Asubuhi nilifungua kibanda na macho yamevimba, wateja hawakuwepo, nikajiambia ngoja nijifurahishe kidogo. Nikawatengeneza wawili hao ndani ya mashine. Mwalimu nikampa aina ya mkwe wa kisiwani, ambayo alikuwa ameiandika yeye chini ya mkwe. Mama nikampa aina ya mama wa mjini, ambayo niliiandika mimi chini ya mama, na metodi yake naikumbuka vizuri: mtu yeyote akikutana na mama wa mjini, wanagusana mapaji. Nilitaka tu kuwaona wamegusana mapaji, hata kwa maandishi. Nikaita salimia.

Mashine ikaandika: Mkwe anatoka barabarani. Anajificha mpaka mama apite.

Nilisoma tena. Nikaita tena, ikaandika vile vile. Damu ikanipanda. Nilijua sikuandika mimi, kwa hiyo ameandika yeye, na kama ameandika yeye basi ananicheka, anafanya mchezo na kitu kinachomuua mama yangu. Nilimsubiri siku nzima na hasira yangu. Wateja waliokuja nilichapa barua zao kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Alipoingia jioni sikumsalimu kwa metodi yoyote. Nikamgeuzia skrini, nikamuuliza hii takataka ni nini.

Akainama, akasoma. Akaangalia aina nilizompa, akaangalia metodi, akavuta midomo kama anavyofanya akisahihisha mitihani.

"Iko sawa," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa."

Nikamuuliza sawa vipi. Akanieleza kwanza habari ya mashine, maskini, akidhani hicho ndicho ninachouliza. Metodi mbili zilifaa, ya kwake na ya kwangu. Zikiwa mbili, mashine inaanza kushoto, inamwangalia kwanza yule anayesalimu, na metodi iliyomtaja kwa ukaribu zaidi inashinda. Ya kwangu ilisema mtu yeyote. Ya kwake ilisema mkwe wa kisiwani hasa. Kwa hiyo ya kwake imeshinda, hakuna kosa popote, mabano yamefungwa yote.

Nikamwambia simuulizi mabano. Nauliza kwa nini mkwe anajificha.

Akanishangaa. Akasema, kwani mkwe atafanya nini? Kwao mkwe hakutani na mama mkwe njiani. Akimwona anatoka barabarani, anampisha, hamwangalii usoni. Chakula chake hali, hata njaa imuume namna gani, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapofanya sherehe ya kumpikia na kumwingiza ndani. Bibi yake alimfundisha hivyo tangu hajaota ndevu. Na hapo, jamani, akaanza kunihesabia heshima zake kwa fahari. Ule mtaro alioruka ulimchuna ugoko. Nyuma ya vichanja alipoteza kalamu nzuri. Siku moja bandarini alijificha kati ya magunia mpaka wapakiaji wakamuuliza anasafiri kwenda wapi. Bakuli la sombe alilinusa kupitia kifuniko, akameza mate njia nzima hadi shuleni. Alikuwa na hakika kwamba mama anazunguka Kashikishi akijisifu kwa mashoga zake kuwa amepata mkwe aliyefundwa.

Nilianza kucheka nikiwa bado na hasira, na vitu hivyo viwili havikai vizuri kooni. Nikakohoa, nikalia, nikacheka tena. Nilipomwambia mama anasemaje, mwalimu alikaa juu ya kasha la karatasi, akashika kichwa. Neno mulozi nilimwambia mwisho. Alisimama papo hapo akataka kwenda kwa mama, akakumbuka kwamba haruhusiwi kwenda kwa mama, akakaa tena.

Tukafanya tulichojua kufanya, tukaandika metodi. Alisema dawa ni metodi ya tatu, inayowataja wote wawili, mkwe wa kisiwani na mama wa mjini. Hiyo iko karibu nao kuliko zile mbili na itazishinda. Sawa, lakini ndani yake tuweke nini? Nilimwachia kibodi. Alikaa mbele yake muda mrefu, jasho linamtoka, mwanaume anayefundisha hesabu mbele ya darasa zima bila kutetemeka. Mwishowe akaandika: Mkwe anamwendea mama. Wanagusana mapaji. Akasema bibi yake akisikia atavuka kutoka kisiwani bila mtumbwi. Halafu akafanya mazoezi na mwimo wa mlango wa kibanda, upande huu, upande ule, tena upande huu, mpaka muuza mahindi akaniuliza kama mteja wangu ni mzima. Nilimpenda siku ile hadi nikaogopa.

Nikafika nyumbani, nikamweleza mama desturi ya kisiwani, yote, na kalamu, na ugoko, na mate. Metodi ya tatu sikumwambia. Nilitaka Jumapili ashtukie paji linamfikia, afurahi. Mama alisikiliza huku anapaa samaki. Kisu kilisimama mkononi.

"Kumbe ile yote alikuwa ananisalimia?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Akaangua kicheko, akakaa juu ya gunia la chisense ambalo halipaswi kukaliwa, akapangusa macho kwa kitenge, akarudia habari ya mtaro, akacheka upya. Baadaye akawa anauliza maswali madogo madogo. Je, mama mkwe wa huko kisiwani naye anafanyaje? Anajificha vilevile? Nikasema nadhani ndiyo, wanapishana wote wawili. Akasema aa bon, kumbe ya Kifaransa, akarudi kwenye samaki wake. Ningekuwa na akili timamu siku zile ningeitilia mashaka ile aa bon.

Jumapili baada ya kanisa wakaja. Mshenga mbele na kofia yake, mwalimu nyuma na shati jipya, amenyoa, paji la uso linang'aa kwa mafuta. Niliona ameliandaa. Sufuria zilikuwa jikoni zinatokota, mkeka umetandikwa, viti vimepangwa. Mama hayupo. Nikaita. Nikaingia ndani, nikatazama chumbani, nikarudi, na nikiwa pale mlangoni nikaona pindo la kitenge chake kipya, kile cha kijani na njano, linapotea kwenye kona ya nyumba.

Nikaelewa. Mama yangu, mutoto wa Lubumbashi, wa viatu vya kisigino, alikuwa anamkimbia mkwe wake kwa heshima.

Mwalimu naye alikiona kile kitenge. Alikuwa amekuja kumwendea mama, metodi imesema amwendee, akamwendea. Akazunguka kona. Mama kusikia nyayo akaongeza mwendo, akatokea upande wa pili, ameinamisha kichwa, mkono umefunika uso vizuri kabisa kama mtu wa Kilwa wa kuzaliwa. Mwalimu naye akaongeza mwendo. Walipita mbele yetu, mama mbele, mkwe nyuma, wakazunguka tena. Kuku wakatoka jikoni. Mshenga alisimama, kofia mkononi, anamuuliza mpwa wake kwa Kibemba amepatwa na nini, anasema mwanaume anayemfukuza mama mkwe wake kuzunguka nyumba hajawahi kuonekana tangu ziwa lipate maji. Mimi nilitakiwa kusema neno. Neno moja tu lingetosha kuwasimamisha. Nilifungua mdomo na kicheko tu ndicho kilichotoka, nikakaa chini mlangoni, nikabaki kupunga mikono.

Mwalimu akatumia akili ya hesabu, akageuka, akazunguka upande wa pili. Bahati mbaya mama naye aligeuka wakati huo huo, halafu akageuka tena. Walikutana kwenye kona ya pipa la maji, mama kichwa chini, mwalimu kichwa mbele. Nilisikia mgongano kutoka mlangoni.

Mama alikaa chini kando ya pipa. Mwalimu alianguka magotini, akaanza kupiga makofi na kuomba radhi kwa Kibemba, macho ardhini, bamayo, bamayo, yaani mama, hajui aendelee mbele au akimbie nyuma, na kwenye paji lake, katikati ya mafuta yale yote, kinundu kikawa kinapanda. Kicheko kiliniisha, nikaogopa kweli, maana mama hakuinuka. Alikuwa ameshika kichwa chake kwa mkono mmoja na anamtazama. Nadhani alikuwa anauona uso huo kwa mara ya kwanza. Aliutazama wote, bila haraka. Halafu akanyoosha mkono wa pili, akagusa kile kinundu kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akigusa vyangu nilipoanguka.

"Mutoto wangu," alisema. "Kuya kula."

Alimwinua yeye mwenyewe, akamvuta hadi mkekani, akamwekea bakuli mbele, sombe na samaki mkubwa na mawese ya Krismasi. Sherehe ya kumwingiza ilikuwa haijafanywa. Mwalimu aliniangalia mimi, akamwangalia mjomba wake. Mjomba akavaa kofia, akageukia ziwani na kuanza kusema kwa sauti habari za mitumbwi, kwamba leo ni mingi, kwamba upepo ni mzuri. Alizungumza na ziwa mpaka bakuli likaisha. Nililia mbele yao wote na sikujifuta. Mama aliingia ndani, akatoka na zile sahani, akafungua kitambaa cheupe kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa gumu.

Jumatatu mwalimu alikuja kibandani na plasta kwenye paji. Alisema salimia inahitaji kurekebishwa, metodi yetu ya tatu haikutabiri mambo sawasawa, na akapendekeza tuandike wanazunguka nyumba, wanagongana. Tulicheka hadi tukasikia maumivu. Kisha nikachukua kibodi. Nikaenda kwenye aina ya mkwe, nikamtoa chini ya mgeni, nikamweka chini ya mtoto, pale nilipotaka siku ile. Programu ilikuwa inatembea tangu asubuhi na hatukuizima. Mkwe aliyekuwa tayari ndani ya mashine alibadilika pale pale alipo. Nikafuta metodi ya tatu. Ya kujificha sikuigusa, haikuwa yangu kuifuta. Mwalimu aliiangalia kitambo, akaifuta yeye mwenyewe.

Hakukuwa na kipya cha kuandika. Nikaita salimia, mkwe na mama, mashine ikatafuta kati ya zilizobaki, ikaipita ya mtu yeyote na mapaji yake, ikaikuta iliyo karibu zaidi, ile yangu ya kwanza, ya mtoto na mama.

Mutoto wangu, kuya kula.

Mwalimu aliisoma. Akatazama saa, akafunga laptop yake, akasema kweli, ni wakati, akichelewa mama atauliza. Akatoka. Nilienda kukaa mlangoni nimwone akipanda barabara, katikati kabisa ya barabara, hachepuki mahali, nikautazama mgongo wake ukienda kwa mama.